Pindua Kikombe, Pindua Chungu

Nilikipata Kitale, kwa muuza mitumba ya vyombo, kimesongwa na sufuria na birika: kikombe chepesi kama ganda la yai, ukingo wa dhahabu umefifia, waridi zimechorwa kwa mkono, sikio limegandishwa kwa gundi. Nikakipindua, kama wafanyavyo wapenzi wote wa kauri kuukuu. Kitakoni palikuwa na neno moja jekundu: Japan.

"Hiyo ni ya Wazungu," muuzaji akaniambia. "Waliacha wakiuza mashamba."

Huenda. Wakusanyaji wa Marekani wangekuwa na jibu la haraka zaidi, maana wao husoma mihuri kama kalenda. Sheria ya ushuru ya McKinley iliwalazimu Wajapani, kuanzia 1891, kuandika nchi ya asili kwenye bidhaa, nao wakaandika Nippon. Mwaka 1921 forodha ya Marekani ikalikataa neno hilo, ikataka Japan. Baada ya Vita Kuu ya Pili vikaja vyombo vilivyotaja wazi kuwa Japani imekaliwa, hadi ukaliaji ulipokoma 1952. Kwa hesabu hiyo, kikombe changu ni cha baada ya 1921.

Ila kilishuka Mombasa, si New York. Karani wa forodha wa Kilindini hakuwa na habari na sheria za Washington, na kiwanda kiliweza kupiga mhuri huu kwa soko hili na ule kwa soko lile. Kuutumia mhuri wa Marekani kupima umri wa kikombe cha Kitale ni kufuturu kwa adhana ya mji mwingine.

Naiamini zaidi njia ya biashara. Mikataba ya Berlin ya 1885 na Saint-Germain ya 1919 iliwazuia Waingereza kuzipendelea bidhaa zao kwa ushuru katika eneo hili, hivyo mali rahisi ya Japani ikapenya. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilifungua safari za Afrika Mashariki. Mwaka uo huo reli ikafika Kitale. Basi si lazima kikombe kiwe cha bwana shamba. Huenda kilinunuliwa dukani kwa Mhindi, na karani aliyetaka chai ya wageni ipendeze.

Nilikipeleka Bungoma kwa kukhu (bibi) mmoja aliyewahi kufinyanga. Vyungu vyake havina mhuri, wala haviwezi kuwa nao: kitako ni cha mviringo, kikae vizuri juu ya mafiga na moto ukizunguke. Mhuri unataka kitako bapa, na kitako bapa kinataka meza. Asili ya chungu husomwa ubavuni, pale kamba ya nyasi iliyosokotwa ilipoviringishwa juu ya udongo mbichi. (Mwenyewe siku hizi huchota maji kwa ndoo ya plastiki. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema.)

Hata hivyo, magharibi mwa Kenya kuna vyungu vya kale vilivyojulikana kwa vitako vyao. Mwaka 1948 ulichapishwa utafiti wa wanaakiolojia Mary Leakey, Owen na Louis Leakey juu ya vyungu vya zamani vya Kavirondo ya Kati vyenye kibonyeo katikati ya kitako, kama mahali pa kidole. Leo tunaviita vya Urewe, kwa jina la kijiji cha Siaya. Kibonyeo kile hakikuandikwa kwa ajili ya karani yeyote.

Pwani walifanya kinyume kabisa. Kwenye makaburi ya nguzo, Mambrui na hata Kunduchi, bakuli za kigeni zilizamishwa kwenye chokaa, kitako ndani, uso nje. Alama ya mfinyanzi, kama ilikuwepo, ilizikwa pamoja na swali la asili. Aliyepita aliona mng'ao tu.

Kukhu hakukipindua kikombe. Aliingiza kidole gumba ndani, akakizungusha taratibu, akitafuta mikunjo ya mkono. Hakuipata, kilitoka kwenye kalibu. Akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akazihesabu waridi, akasimama kwenye ile iliyo karibu na sikio, ambayo petali zake mbili zimeungana kuwa doa.

"Hapa," akasema, "huyu mama alikuwa amechoka."

Akaniomba nimwachie. Nikamwachia.