Taa Iliyozimika Alfajiri

Mwaka jana niliunguza pampu ya maji ya nyumbani. Taa yake ilikuwa inawaka, nami nikaamini maji yanapanda kwenye tenki. Kumbe kisima kilikuwa kimekauka. Baba aliniuliza, "Ulikuwa unaangalia nini?" Nilikosa jibu, maana nilikuwa naangalia taa.

Tangu siku hiyo siachi kufikiria Three Mile Island, kituo cha umeme wa nyuklia katika jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Ukiondoa hofu yetu, kinu cha nyuklia ni jiko la kuchemshia maji. Atomu za urani hupasuka na kutoa joto pamoja na nyutroni, ambazo hupasua atomu nyingine. Joto hilo huzalisha mvuke unaozungusha mitambo ya umeme. Ukishusha fito za kudhibiti, fito humeza nyutroni na mpasuko hukoma. Lakini joto halikomi papo hapo. Ni kama makaa: umeepua sufuria, jiko bado linaunguza. Ndiyo maana hata kinu kilichozimwa lazima kiendelee kupozwa kwa maji.

Tarehe 28 Machi 1979, yapata saa kumi alfajiri, pampu za kulisha maji katika kinu cha pili zilisimama. Shinikizo likapanda, vali ikafunguka kulipunguza, na fito zikashuka zenyewe baada ya sekunde chache. Hadi hapo mitambo ilifanya ilivyopangwa. Kisha vali ilitakiwa kujifunga, ikakwama wazi.

Katika chumba cha udhibiti, taa ya vali hiyo ilizimika. Wafanyakazi wa zamu wakaelewa kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile ilieleza tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Haikujua kama amri imetekelezwa. Ving'ora zaidi ya 100 vikawa vinalia kwa pamoja. Kipimo kimoja kikaonyesha maji yamezidi, wakapunguza maji ya dharura ambayo mitambo ilikuwa imeanza kuyaingiza yenyewe. Walikinyima kinu maji wakidhani wanakiokoa.

Zilipita zaidi ya saa mbili kabla ya njia ile ya kuvuja kuzibwa. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka. Siku mbili baadaye, gavana aliwashauri wajawazito na watoto wadogo wa jirani waondoke.

Ni rahisi kuandika "kosa la binadamu" na kufunga faili. Lakini binadamu yupi? Septemba 1977, vali ya namna hiyo ilikwama katika kituo cha Davis-Besse, Ohio, na wafanyakazi wa huko nao wakapunguza maji. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza vinu hivyo waliandika onyo. Onyo hilo halikuwafikia watu wa zamu ile ya alfajiri. Tume ya Rais Carter, chini ya John Kemeny, ilikiri kwamba wafanyakazi walikosea, kisha ikanyoosha kidole kwa mafunzo duni, maelekezo yenye utata na chumba kilichopangwa vibaya.

Aliyechora taa ile hakuwepo chumbani. Hata waliokalia onyo hawakuwepo.

Pampu yetu niliiunguza mimi, sikatai. Ila siku hizi, nikiiwasha, hupanda ngazi nikachungulia tenki.