Rafu Ndiyo Inayochora Kava: Miongo Minne ya Kuuza Hofu kwa Picha

Mwaka 1983, Mmarekani aliyetaka kununua gemu ya Halloween hakuikuta kirahisi dukani. Baadhi ya wauzaji waliikataa kabisa, wengine waliificha nyuma ya kaunta na kumpa aliyeiulizia tu. Boksi lake lilibeba picha ya bango la filamu ya John Carpenter: mkono ulioshika kisu, umeungana na boga. Ndani ya katriji kulikuwa na yaya anayekimbia chumba hadi chumba huku muuaji akimnyemelea. Akikamatwa, kichwa kinatoka, na kiwiliwili kinaendelea kukimbia kikirusha vitone vyekundu. Mashine ya Atari 2600 haikuweza kutisha zaidi ya hapo, kwa hiyo hofu iliyobaki ililetwa na picha ya boksi.

Kampuni iliyotoa gemu hiyo, Wizard Video, ilikuwa hasa ya kuuza kanda za filamu za kutisha. Mwenyewe, Charles Band, alijulikana kwa kutanguliza bango: linachorwa, linatembezwa kwa wasambazaji, na fedha zikipatikana ndipo filamu inapigwa. Wizard ilipoishiwa fedha, baadhi ya katriji za Halloween zilitoka bila picha yoyote. Zilibandikwa kipande cha utepe, jina la gemu likaandikwa kwa mkono.

Tangu wakati huo makava ya gemu za kutisha yamebadilika mara nyingi, na kila mara aliyeyabadilisha ni duka. Mchoraji amefuata rafu, awe anapenda au hapendi.

Somo kutoka kwenye kanda

Rafu ya kwanza ilikuwa ya maduka ya kukodisha kanda. Mteja aliingia Ijumaa jioni akakuta maboksi ukuta mzima, mengi yakiwa ya filamu ambazo hajawahi kuzisikia wala hamjui hata mwigizaji mmoja. Tangazo pekee lilikuwa picha ya mbele. Nchini Uingereza, tangazo la filamu The Driller Killer mwaka 1982 lilionyesha mtu akitobolewa paji la uso kwa keekee. Malalamiko yalimiminika, filamu ikaingia katika orodha ya kanda zilizoandamwa, na mwaka 1984 Bunge likapitisha sheria ya kuzikagua kanda za filamu na kuzipanga kwa umri kabla ya kuuzwa. Kabla hata filamu haijatazamwa, picha ya nje ilikuwa imekwisha kushtakiwa.

Gemu nazo zikafikishwa mbele ya wanasiasa. Desemba 1993 Seneti ya Marekani, Seneta Joe Lieberman akiwa mstari wa mbele, iliwaita wakuu wa kampuni za gemu kujieleza kuhusu Night Trap na Mortal Kombat. Mwaka uliofuata ikaundwa ESRB, bodi ya kupanga gemu kwa umri, na kila kava likapewa herufi pembeni. M ilimaanisha miaka 17 na kuendelea. Kwa mzazi lilikuwa onyo. Kwa kijana wa miaka 14 lilikuwa tangazo la bure.

Enzi hiyo ya maboksi ndiyo iliyotuletea kava la Resident Evil la mwaka 1996. Kwa soko la Marekani, Capcom ilimtumia Bill Sienkiewicz, mchoraji wa katuni za Marvel aliyekwisha kujijengea jina kwa mistari yake mikali. Alimchora mwanamume aliyetoa macho, bunduki mkononi, na buibui mkubwa nyuma yake gizani. Mchoro huo una vitu vingi, na uliweza kuwa navyo kwa sababu mnunuzi alilishika boksi mkononi, akaligeuza, akasoma mgongo wake, akarudi tena mbele. Mchoraji alikuwa na dakika nzima ya macho ya mteja.

Rafu inapoingia kwenye skrini

Septemba 2003 kampuni ya Valve ilizindua Steam, na miaka miwili baadaye duka hilo la mtandaoni likaanza kupokea gemu za kampuni nyingine. Watengenezaji wadogo, ambao awali hawakuwa na fedha za kuchapa maboksi wala njia ya kuyafikisha madukani, wakapata mlango. Mwaka 2010 Frictional Games ya Sweden ikaupitia na Amnesia: The Dark Descent. Mwaka 2012 ukaja mpango wa Greenlight, ambapo wateja walipiga kura kuchagua gemu za kuingia sokoni.

Mmoja aliyepigiwa kura ni Scott Cawthon. Gemu yake ya awali, ya kifamilia kabisa, ilikosolewa kwamba wanyama wake wana sura za mashine na wanaogofya bila kukusudiwa. Cawthon akaishika kasoro hiyo hiyo akaifanya bidhaa. Five Nights at Freddy's ilitoka Agosti 2014, na picha yake ya dukani ni uso wa dubu wa mashine umetoka gizani ukikukodolea macho. Hakuna damu wala silaha, na huyo anayetishwa hachorwi, maana ni wewe.

Uso huo ulifaa kuliko mchoro wenye mambo mengi kwa sababu ya vipimo. Kwa miaka mingi picha ndogo ya Steam ilikuwa na upana wa pikseli 231 na urefu wa pikseli 87, na katika baadhi ya orodha duka liliifinya hadi 120 kwa 45, ukubwa wa stempu ya barua. Buibui wa Sienkiewicz angegeuka doa hapo. Mwongozo wa Valve wenyewe unawashauri watengenezaji waache jina la gemu lijaze karibu picha ndogo yote, vinginevyo halisomeki. Kinachosalia ni macho mawili, rangi moja kali juu ya weusi, na herufi nene.

Msongamano uliongezeka Juni 2017, Greenlight ilipofungwa na kupisha utaratibu mwingine: lipa dola 100, kamilisha taratibu, ingia sokoni. Siku hizi gemu zinazoingia Steam kwa mwaka ni zaidi ya 10,000. Kila mtu akaanza kupiga kelele juu ya kava lake: nyota za wahakiki, nembo za tuzo, matangazo ya punguzo. Kuanzia Septemba 2022 Valve ikapiga marufuku. Picha ya duka ibaki na mchoro, jina la gemu na kichwa chake kidogo rasmi. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba maneno hayo mengi yalikuwa ya Kiingereza, ilhali wateja wengi wanatumia lugha nyingine.

Waliopita pembeni

Wengine walitafuta rafu yao. Itch.io, duka lililoanzishwa na Leaf Corcoran mwaka 2013, linapendekeza kava la pikseli 630 kwa 500 na linakubali picha inayocheza. Kwa hofu hiyo ni fursa kubwa: sura iliyotulia inaweza kupepesa jicho mara moja. Huko ndiko walikostawi wapenzi wa sura za PlayStation ya kwanza, waliokusanya kazi zao Februari 2020 katika Haunted PS1 Demo Disc. Studio ya Puppet Combo nayo imerudi hadi kwenye kanda. Makava yake yanafanana na maboksi ya kukodisha ya miaka ya 1980, ingawa gemu zenyewe huuzwa zaidi kwa kupakuliwa.

Mtengenezaji Dan Salvato alikwenda kinyume na wote. Kava la Doki Doki Literature Club, ya Septemba 2017, ni wasichana wa katuni wenye tabasamu na rangi za waridi. Anayelitazama anadhani ni hadithi ya mapenzi ya shule. Ila gemu inapofunguka inaonya wazi kwamba haifai watoto wala wanaosumbuliwa upesi na mambo ya kutisha. Onyo hilo ndilo lililomwezesha kulificha jinamizi nyuma ya waridi bila kuitwa tapeli.

Na utapeli sasa una gharama. Tangu Juni 2015 mteja wa Steam anaweza kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 ikiwa amecheza chini ya saa mbili, na gemu nyingi za kutisha za studio ndogo humalizika ndani ya saa hizo mbili. Aliyenunua Halloween mwaka 1983 akavutwa na lile boga, alikuwa amenunua; akiona vitone vyekundu tu, shauri yake. Wa leo anabonyeza kitufe na fedha zinarudi. Kwa hiyo mchoraji anayefinya hofu katika pikseli 120 ana deni ambalo Charles Band hakuwa nalo: uso anaouweka dukani lazima mteja aukute ndani, tena mapema.