Sur kwa Miguu: Mji wa Waunda Majahazi

Mji wa Sur uko katika pembe ya mashariki ya Uarabuni, nchini Omani, yapata kilomita 200 kutoka Maskati kwa njia ya pwani. Si mji mkubwa, wala hausifiki kwa majumba ya fahari. Hata hivyo, kwa sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na bahari, mji huo ni mfano wa kamusi iliyofunuliwa, na njia bora ya kuisoma ni kutembea kwa miguu.

Msafiri mashuhuri aliyetutangulia kupita hapo ni Ibn Battuta wa Tanja. Yapata mwaka 1331 alikuwa Kilwa, mgeni wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kutoka huko alivuka bahari hadi Dhofar, kisha akapanda chombo kilichofuata pwani ya Omani. Chombo kilipotia nanga Sur, aliuona mji wa Qalhat juu ya mteremko wa mlima, akadhani u karibu. Akaamua kwenda kwa miguu pamoja na rafiki yake wa Kihindi, wakimkodi baharia mmoja awaongoze. Umbali ulikuwa yapata kilomita 20, na kiongozi yule alikuwa mwizi: alitaka kuwapitisha katika mkono wa bahari wenye maji mengi ili wazame naye atwae nguo zao. Ibn Battuta alimzuia kwa mkuki aliokuwa nao, akakesha usiku kucha, na alipofika Qalhat miguu yake ilikuwa imevimba vibaya. Alikaa huko siku sita. Aliusifu msikiti uliojengwa na Bibi Maryam na vigae vyake vya rangi. Lakini aliikosoa lugha ya wenyeji, kwa kuwa kila walilosema walilimalizia kwa neno la kukanusha, kana kwamba wanauliza. Walimu wa lugha watamwelewa: kila zama ina mgeni anayedai kwamba wenyeji hawajui lugha yao wenyewe.

Qalhat ilipigwa na tetemeko la ardhi mwishoni mwa karne ya 15, kisha ikachomwa na Wareno mwaka 1508. Leo imebaki magofu, na lililosimama ni kaburi la Bibi Maryam. Mwaka 2018 magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sur ndiyo iliyoishi, nayo iliishi kwa sababu ya hori lake. Maji ya bahari huingia ndani ya nchi kwa mlango mwembamba, yakafanya bwawa tulivu ambamo vyombo viliweza kupumzika na kukarabatiwa.

Kando ya hori hilo ndipo tulipoona banda la kuundia majahazi. Fundi wa Sur hakuchora ramani ya chombo karatasini. Hulaza mkuku, akapanga mbao za ubavu kwa jicho na kwa kumbukumbu, kisha ndipo akatia mataruma ndani. Mbao zilikuwa za msaji kutoka pwani ya Malabar. Zana zilikuwa tezo, keekee na nyundo. Leo wengi wa wafanyakazi wa banda ni watu wa Bara Hindi, na kazi ni chache. Karibu na hapo umewekwa Fath al-Khair, chombo kikubwa kilichoundwa Sur mwaka 1951, kikauzwa nje, kikarudishwa kutoka Yemeni mwaka 1993. Hapo Sur pia ndipo ilipoundwa Sohar, merikebu iliyosafiri hadi China mwaka 1980 na 1981. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Msomaji aliyewahi kusikia habari za mtepe wa Lamu atatambua mara moja kwamba ufundi huo ni ndugu.

Vyombo vya Sur vilikwenda kwa pepo. Kaskazi iliwaleta mabaharia Lamu, Mombasa na Unguja, wakiwa na tende na samaki wakavu. Kusi iliwarudisha kwao na boriti za mikoko, ambazo ziliezekea nyumba za nchi zisizo na miti. Pamoja na bidhaa yalisafiri maneno. Mwanafunzi wetu wa bara hajaona bahari, lakini husema msimu wa maharage, neno lililokuwa la pepo. Hushika usukani wa lori, neno lililokuwa la jahazi. Humwita rubani mtu anayeendesha ndege, ilhali rubani wa kwanza alikuwa mtu wa merikebu.

Lakini si kila shehena ilikuwa boriti. Ng'ambo ya hori, panapofikiwa leo kwa daraja la kuning'inia, pana mtaa wa Ayjah wenye nyumba nyeupe na milango ya kuchongwa. Manahodha wa Sur walijulikana katika biashara ya watumwa muda mrefu baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku. Wengi wao walijipatia hati na bendera za Ufaransa, kwa kuwa Ufaransa haikukubali vyombo vyake vipekuliwe na manowari za Uingereza. Ugomvi huo ulipelekwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwezi Agosti 1905 iliwawekea mipaka waliostahili kupeperusha bendera hiyo. Watu waliofichwa chini ya bendera ile walitoka katika nchi zetu, wakapelekwa mashamba ya mitende na vyombo vya kuzamia lulu. Utumwa ulifutwa rasmi Omani mwaka 1970.

Baadaye meli za moshi na injini zilidhoofisha tanga. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje. Anayeifuata leo njia ya Ibn Battuta kuelekea Qalhat atapita penye kiwanda cha gesi, ambacho kilianza kupakia meli zake mwaka 2000. Hata hivyo, Kiswahili hakikuondoka na majahazi. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya 1970, familia nyingi zilihamia Omani, na hadi leo Kiswahili husikika majumbani mwao.

Walimu wenzetu wakifundisha habari za mwambao wana hiari mbili zilizo rahisi. Ya kwanza ni kusimulia pepo, tende na mashairi, na kunyamazia minyororo. Ya pili ni kusimulia minyororo peke yake, na kumwacha mwanafunzi akiichukia lugha anayojifunza. Zote mbili ni nusu ya kweli. Msimu uleule ulioleta neno msimu ndio uliochukua watu, na mikono iliyojua kuunda jahazi zuri ilijua pia litabeba nini. Mwanafunzi ana haki ya kupewa yote mawili katika somo moja, kwa sauti ileile, ili ajue kwamba lugha yake ilijengwa na watu kamili, wenye wema na ubaya wao.