Kesi ya shomoro

Haya ndugu zangu, leo tupumzike na siasa. Nina kisa cha ndege.

Karibu na ofisi yetu hapa Dar kuna mama ntilie ambaye kila mchana anapigana na shomoro. Ukigeuka tu kunawa mikono, ukirudi unamkuta mmoja juu ya meza anadonoa punje za wali. Mama huwafukuza kwa kanga huku akilalamika: "Wezi wakubwa hawa, mwanangu. Hawana faida hata moja!" Nilicheka, lakini maneno yale yalinibaki kichwani. Nikaanza kusoma habari za ndege huyu, na kumbe kesi ya mama ni ya zamani. Imesikilizwa Marekani, imesikilizwa China, na kuna mara moja ambapo hukumu yake iliwaumiza watu pamoja na ndege.

Kwanza tumjue mshtakiwa. Nazungumzia shomoro wa majumbani: mdogo, gramu 30 hivi, mgongo wa kahawia wenye michirizi, na dume ana weusi kooni kama kitambaa cha mtoto cha kulia chakula. Wanasayansi wanamwita Passer domesticus. Huku kwetu ni mgeni. Undugu wake na binadamu ulianzia Mashariki ya Kati, maelfu ya miaka iliyopita, watu walipoanza kulima ngano na shayiri. Zanzibar aliingia kiasi cha mwaka 1900 akitokea pande za India, baadaye akaonekana Mombasa, na leo yuko Dar na Nairobi pia. Msituni humkuti. Ukimwona shomoro, jua kuna watu jirani.

Maisha yake ni ya uswahilini hasa. Anapenda kukaa kwa makundi, anaoga vumbi, anapiga kelele asubuhi, na hasafiri mbali. Wengi huishi na kufa ndani ya eneo dogo tu. Kiota anaweka chini ya bati, kwenye tundu la ukuta, hata ndani ya taa ya barabarani. Jike hutaga mayai manne au matano, huyaatamia kwa muda wa chini kidogo ya wiki mbili, na baada ya wiki mbili nyingine makinda huruka. Kisha wanaanza upya, mara mbili au tatu kwa mwaka.

Sasa shika jambo moja, maana kesi nzima imo humo. Shomoro mkubwa hula nafaka na mbegu. Lakini kinda wake, hasa siku za mwanzo, hawezi kukua kwa nafaka. Analishwa viwavi, panzi wadogo, vidukari na wadudu wengine laini. Kwa hiyo ndege huyo huyo ni mwizi wa shamba na pia ni mla wadudu. Inategemea umemwona lini.

Twende Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, taasisi moja ya Brooklyn, New York, iliagiza jozi 8 za shomoro kutoka Uingereza. Wale wa kwanza hawakustawi, wakaletwa wengine. Sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa viwavi waliokuwa wakimaliza majani ya miti ya mjini. Watu walisema shomoro atawala wote. Miji mingine ikafuata. Philadelphia mwaka 1869 iliachia shomoro kama 1,000.

Ndege wakazaana ajabu. Na unajua walikuwa wanakula nini? Magari hayakuwepo, usafiri wa mjini ulikuwa farasi, na farasi hulishwa nafaka. Zilizomwagika njiani na zile zilizobaki kwenye kinyesi cha farasi ziliwatosha shomoro mwaka mzima. Kiwavi wa nini tena?

Hapo ukazuka ugomvi mkubwa kati ya wataalamu wa ndege. Thomas Brewer wa Boston alimtetea shomoro, na Elliott Coues akamshambulia kwa kalamu isiyo na huruma. Walirushiana maneno magazetini na kwenye majarida miaka ya 1870, hadi ugomvi huo ukaitwa Vita ya Shomoro. Mwaka 1889 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa ripoti nene ya Walter Barrows. Safari hii hawakutegemea maneno peke yake. Walipasua mamia ya shomoro, wakaangalia kilichomo tumboni. Walikuta nafaka kwa wingi na wadudu wachache. Shomoro akapatikana na hatia, na kwa ushahidi ule naona ilikuwa haki. Mwenyewe hakuwa amejileta. Aliletwa na watu waliomwahidi kazi asiyokuwa nayo.

Kesi ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mwaka 1958, China chini ya Mao Zedong ilitangaza kampeni dhidi ya maadui wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro wa huko ni binamu wa huyu wetu, Passer montanus, lakini tabia ya kula ni ile ile. Mashtaka yalikuwa mepesi kueleweka: anakula nafaka ya wananchi. Basi watu wakatoka, wazee kwa watoto, wafanyakazi na wanafunzi. Walipiga masufuria, ngoma na madebe ili ndege wasipate pa kutua, wakaruka mpaka wakaanguka kwa uchovu. Viota vilibomolewa, mayai yakapasuliwa. Beijing peke yake ilifanya hivyo kwa siku tatu mfululizo mwezi Aprili. Nchi nzima waliuawa mamilioni kwa mamilioni.

Na ushahidi ulikuwepo! Mtaalamu wa ndege Zheng Zuoxin alikuwa ameshawapasua shomoro wa mashambani na wa pembezoni mwa Beijing kwa majira tofauti ya mwaka. Alikuta kwamba ni kweli wanakula nafaka, lakini wakati wa kulea wanawalisha makinda wadudu kwa wingi. Ushauri wake ulikuwa kwamba wadhibitiwe pale wanapoharibu na wasiangamizwe wote. Nani alikuwa na muda wa kumsikiliza, wakati magazeti yanahesabu maiti za ndege kama ushindi?

Shomoro walipotoweka, wadudu waharibifu wakaongezeka mashambani. Mwanzoni mwa mwaka 1960 shomoro alifutwa kwenye orodha ya maadui, na nafasi yake akapewa kunguni. Lakini njaa ilikuwa imeshaingia. Kati ya 1959 na 1961 walikufa watu ambao makadirio yake yanaanzia milioni 15 na kupita milioni 40. Nisieleweke vibaya, njaa ile haikuletwa na kifo cha shomoro pekee. Kulikuwa na kulazimishwa kwa mashamba ya pamoja, takwimu za uongo za mavuno, na nafaka kuchukuliwa vijijini wakati wakulima hawana kitu. Ila shomoro yumo kwenye orodha ya sababu. Naye Zheng, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, msimamo wake kuhusu ndege huyu ulihesabiwa miongoni mwa makosa yake.

Kuna mtu ataniuliza, je, kwelea kwelea nao tuwatetee? Mkulima wa mpunga akikuambia kwelea kwelea wamemmalizia shamba, msikilize, hana sababu ya kukudanganya. Ndege waharibifu wapo. Ninachosema ni kwamba anayetoa hukumu aonyeshe amepasua matumbo mangapi, ya shamba lipi, na mwezi gani.

Nimalizie na Uingereza, kule alikotoka yule wa Brooklyn. Novemba 1925 kijana mmoja, Max Nicholson, alihesabu shomoro katika bustani ya Kensington Gardens jijini London akapata 2,603. Mwaka 2000 walihesabiwa tena mahali pale pale, wakapatikana 8. Mwaka huo gazeti la The Independent lilitangaza zawadi ya pauni 5,000 kwa atakayethibitisha kisayansi sababu ya kupotea kwao. Mwaka 2002 shomoro aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Sababu si moja. Lakini watafiti waliochungulia viota mjini Leicester waliona makinda yakifa kwa njaa, kwa kukosa wadudu. Mikate ya watalii ipo tele, viwavi hakuna. Ni lile lile la tumbo la kinda.

Sisi waandishi tuna ugonjwa huu. Mtu mkubwa akisema fulani ni adui, tunaandika kichwa cha habari kwa wino mzito, kesho tunahesabu walioanguka. Ni kazi nyepesi na inauza gazeti. Kwenda kuangalia tumboni kunachosha, na wakati mwingine, kama Barrows alivyoona, unakuta mshtakiwa kweli ana makosa. Hata hivyo inabidi uende.

Jana nilimsimulia mama ntilie habari za China. Alisikiliza huku anakoroga maharage, kisha akaangalia juu, pale bati linapokutana na ukuta. Jike lilikuwa linaingia na kitu cha kijani mdomoni, na ndani makinda yakapiga kelele.

"Haya, nimewasikia," mama akasema. "Lakini wali wangu wauache."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.