Njaa ya Miguu na Safari ya Likizo

NDUGU msikilizaji, kila Desemba inapokaribia mabasi ya mikoani hujaa, na sisi tuliozaliwa mbali na mjini huanza kuhesabu nauli. Mimi kwetu ni Nyambureti, Mkoa wa Mara. Safari hii ndugu yangu mmoja alikuja na wazo ambalo ukoo wetu haujapata kulisikia: tukishafika nyumbani tusikae tu kunywa uji na kusuluhisha kesi za mipaka ya mashamba. Tukodi gari, twende Musoma, tukae ziwani siku tatu bila kazi yoyote. Kupumzika tu.

Wazo lilizua mjadala mrefu kuliko kikao cha mahari. Wa kwanza kupinga alikuwa baba mdogo, aliyeuliza kama mtu huenda kutazama maji ilhali ng'ombe hawajanyweshwa. Wa pili alikuwa mtoto wa darasa la tano, aliyetaka kujua kama kuna mamba. Halafu likaja swali gumu kuliko yote: nani anaingia ndani ya gari?

Ndugu yangu ni mtumishi wa umma. Kanuni za utumishi humlipia nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Kwa hesabu ya serikali, basi, familia ni watu sita. Kwa hesabu ya Nyambureti, nilipofika uwanjani alfajiri ile nilikuta watu kumi na saba wameoga, wamejipaka mafuta, na kila mmoja ana sababu nzito ya kuwamo. Shangazi mwingine alikuwa akitusubiri Mugumu. Tuliishia kukodi gari la pili. Sina la kuilaumu kanuni, maana fedha za umma lazima ziwe na kikomo. Ila nilipata kuona kwa macho yangu kwamba neno familia ni moja na watu wake ni tofauti, kutegemea ni nani anayehesabu.

Bibi yetu, mama wa ukoo, ana miaka themanini na kitu. Hakuna aliyedhani atakubali kwenda. Alikubali kabla hatujamaliza kumwuliza, akachukua kanga mbili na fimbo yake, akaketi kiti cha mbele. Alipoulizwa kama anajua tunakwenda wapi, alijibu, "Ninyi mnakwenda kutembea. Mimi nakwenda kwetu."

Tulicheka. Nakiri hivyo kwa sababu mwaka 2018 tulipata kucheka namna hiyo hiyo. Mtakumbuka, tarehe 20 Septemba mwaka ule kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakafa. Habari ziliposomwa redioni bibi alivua kilemba, akakaa chini, akalia kilio cha msiba. Wajukuu wakaambiana kwamba uzee umeanza, kwani sisi Ukerewe hatuna mtu. Hakuna aliyemwuliza kwa nini analia.

Safari yenyewe ni fupi kwa siku hizi. Kutoka Mugumu unapita Natta, unapita Nyamuswa, unafika Butiama, halafu Makutano, na kutoka hapo Musoma si mbali. Tulipofika Butiama watoto walitaka kuona alikozaliwa Mwalimu, nasi tukashuka kunyoosha miguu. Nikawaambia kwamba mwaka 1934 Julius Nyerere, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, alitoka hapa kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, na kwamba inaelezwa alikwenda kwa miguu, maili 26. Yule wa darasa la tano akashangaa kweli kweli. Bibi, aliyekuwa bado ndani ya gari, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Yeye alikwenda kusoma. Kuna mtoto wetu alikwenda kwa miguu na hakurudi."

Hapo ndipo gari lilipokaa kimya, na kuanzia Butiama hadi Musoma alizungumza yeye peke yake.

Ndugu msikilizaji, kabla sijakueleza aliyoyasema, niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo utayaona ni hadithi ya mtu mmoja.

Nilipokuwa shuleni, sotoka ilipita darasani kwa sentensi mbili. Tulifundishwa kwa kirefu Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, tukakariri majina ya Wajerumani na tarehe zao. Lakini ukiuliza ni kitu gani kilichobadilisha maisha ya watu wa bara hili miaka ile kwa haraka kuliko bunduki yoyote, jibu ni ugonjwa wa ng'ombe. Sotoka iliingia Afrika ya mashariki kutoka upande wa Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1891 ilikuwa imeshapita katika nyika zetu. Iliua ng'ombe, ikaua nyati, ikaua nyumbu. Kwa watu ambao maziwa ni chakula, ng'ombe ni mahari, na nyama ya porini ni akiba ya mwaka mbaya, hiyo ilikuwa sawa na nyumba kuungua pamoja na ghala. Ndui ikafuata.

Mwaka 1892 alipita huko Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, aliyetoka pwani akavuka Ngorongoro na nyika za Serengeti mpaka akafika ziwani. Katika kitabu chake alieleza jinsi alivyowakuta Wamasai wa Ngorongoro wakiwa mifupa mitupu, na jinsi wazazi walivyomletea watoto wao wakitaka awachukue kwa kipande cha nyama. Alipokataa, anasema, waliwaficha watoto karibu na kambi, wakaondoka. Wapo waliosoma maelezo hayo wakahukumu kwamba hao walikuwa watu wasio na utu. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Mzazi aliyemficha mtoto karibu na kambi yenye chakula, halafu akaenda zake kufa mbali, alijua hasa alichokuwa akikifanya.

Njaa haikuishia kwa Wamasai. Huku kwetu magharibi ya Serengeti, njaa iliyopiga katikati ya miaka ya 1890 wazee waliita njaa ya miguu, kwa kuwa dawa yake ilikuwa kutembea. Watu waliinuka na familia zao kwenda kuhemea kwenye nafaka. Wengi walielekea Usukuma, ambako walikuwa na uzoefu wa njia kwa sababu ya biashara ya zamani ya mikia ya nyumbu. Wengine walishuka ziwani. Na ziwani walikuwako Wakerewe, watu wa mitumbwi na mashamba yanayolimwa kwa bidii, ambao katika karne ile ya 19 kisiwa chao kilikuwa kikitoa nafaka ya kuuza bara. Nafaka yao haikutolewa bure, kama isivyotolewa bure ya mtu mwingine yeyote. Aliyekuwa na mbuzi alitoa mbuzi. Aliyekuwa na jembe alitoa jembe. Aliyekuwa hana kitu alikuwa na watoto.

Sasa nirudi garini. Bibi alisema kwamba nyanya yake, yaani mama wa baba yake, alikuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili njaa ile ilipokuja. Walitoka nyumbani wanane. Walitembea siku nne, wakilala juu ya mawe kwa kuogopa simba. Mmoja alifia njiani, mtoto mchanga, na walimzika bila jembe. Walipofika kwenye maji baba yao alikaa siku mbili akizungumza na mtu mwenye mtumbwi. Siku ya tatu wakapewa mtama, mzigo wa kubebwa na watu wawili, na mdogo wake nyanya, msichana wa miaka kama saba, akabaki. Makubaliano yalikuwa kwamba wakivuna watarudi na mbuzi, wamkomboe.

Hilo neno kukomboa ndilo nililotaka tulitazame. Kuna waandishi wanaosema kwa mkato kwamba njaa ilipokuja watu "waliuza" watoto. Wapo waliouza, siwezi kukataa. Lakini mara nyingi mtoto aliwekwa rehani, kama mtu anavyoweka shamba rehani, akiwa na nia ya kulirudia. Na kuna jambo jingine ambalo wenye kuhukumu hulisahau: kati ya watoto wa familia ile, aliyeachwa ndiye aliyekuwa na hakika ya kula jioni ile. Wengine walirudi na mzigo mmoja wa mtama na siku nne za njia mbele yao.

Walivuna baada ya misimu miwili, si mmoja. Baba mtu akarudi ziwani na mbuzi watatu. Yule mwenye mtumbwi alikuwa amekufa au amehama, bibi hakuwa na hakika. Wenyeji walimwambia kwamba msichana alivushwa kupelekwa Ukerewe, kwamba yuko hai, anaitwa jina jingine, na ameshachukuliwa kuwa mtoto wa nyumba fulani. Hakuwa na nauli ya kuvuka na pengine hakuwa na moyo. Akarudi na mbuzi wake. Nyanya alisema mbuzi wale hawakuchinjwa kamwe. Walizaa, na mzao wao ulikuwa ukitengwa zizini miaka mingi, kila mtu akijua ni wa nani.

Utawala wa Kiingereza ulipitisha sheria mwaka 1922 ya kukomesha utumwa Tanganyika. Kwa walioko kwenye minyororo hiyo ilikuwa habari njema. Kwa msichana wetu, ambaye wakati huo, kama alikuwa hai, alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu mwenye watoto na mume na ukoo mpya, sheria ile haikuwa na la kusema. Hakuwa mtumwa wa mtu. Alikuwa tu mtu ambaye ndugu zake hawajui jina lake.

Ndiyo maana bibi alilia mwaka 2018. Aliposikia watu wa Ukerewe na Ukara wamezama, hakuhitaji kujua majina. Kama yule mtoto alizaa, na watoto wake wakazaa, basi huenda katika kivuko kile mlikuwamo damu yake.

Tulifika Musoma saa nane mchana. Niseme ukweli, ziwa lile ni zuri kupita maelezo: mawe makubwa yaliyobebana ufukweni, maji yanayobadilika rangi kutwa nzima, na upepo unaokufanya usahau jua. Watoto walivua viatu kabla gari halijasimama. Niliwaonya juu ya kichocho, wakanisikiliza kama watoto wanavyosikiliza. Niliwaonyesha mawe ya pwani na kuwaambia kwamba mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964 zilipandisha ziwa lote zaidi ya mita mbili, na kwamba mwaka 2020 maji yalipanda tena yakaingia majumbani mwa watu. Wakaniuliza kama kuna soda. Mjomba aligoma kupanda boti. Alikuwa Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu, na tangu hapo boti kwake si jambo la starehe. Hatukumshawishi.

Baba mdogo, yule mpinzani, alikunja suruali akasimama majini mpaka magotini saa nzima, hasemi kitu. Baadaye alikiri kwamba haya ndiyo maji ya Mto Mara, unaotenganisha Tarime na Serengeti, yale yale ambayo ng'ombe wetu hunywa, na kwamba hajawahi kufikiri yanakwenda wapi yakishatupita.

Bibi hakuingia majini. Alitaka kujua Ukerewe iko upande upi. Kijana mmoja wa pale alimwonyesha kusini-magharibi, akamweleza kwamba kutoka hapa haionekani. Akageuza kiti chake kikatazama huko.

Asubuhi ya pili tulimpeleka Mwigobero, kwenye mwalo, kununua dagaa na sato wa kurudi nao. Mnajua wauza samaki wa kule, maneno yao ni mengi na bei yao ni ya kugombana. Bibi hakuuliza bei. Alipita kwa kila mama aliyekaa nyuma ya beseni, akamsalimia, akamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani? Kwenu ni wapi?" Mmoja alikuwa Mjita, mwingine Mkwaya, mwingine Mjaluo wa Shirati. Walimjibu kwa heshima wakidhani ni mazoea ya kikongwe. Wa sita au wa saba, mama mnene mwenye kitambaa cha njano, alisema kwao ni Nansio, Ukerewe.

Bibi aliomba kiti. Akauliza habari za mama yake, na mama wa mama yake, na yule mama wa kitambaa cha njano akajibu mpaka alipofika mahali ambapo hakujua zaidi. Nyanya wa mama yangu, alisema, sikuwahi kuambiwa alitoka wapi. Wengi hatujui ya mbali hivyo, na jibu kama hilo ungelipata kwa mtu yeyote sokoni pale. Bibi alinyamaza. Kisha akanunua beseni lote la dagaa kwa bei aliyotajiwa, bila kupunguza hata shilingi mia, akamwambia shangazi alipe.

Shangazi aliponinong'oneza kwamba tumepunjwa, nilimwomba anyamaze.

Tumerudi Nyambureti watu kumi na wanane, hakuna aliyepungua. Bibi amemwagiza ndugu yangu kwamba likizo ijayo fedha za serikali zitafutiwe kivuko, si gari.