Duma si Yule wa Maasai Mara

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo wasee wengi huchanganyikiwa. Ukisema Duma, Mkenya anaona yule mnyama akikimbiza swara kule Mara. Lakini hili limetoka kwa Kikuyu, na maana yake ni giza. (Hapana, si nduma za kunywa na chai.) Duma ni Martin Khanja na Sam Karugu, majamaa wawili wa Nairobi, na albamu yao ya kwanza, ambayo pia inaitwa Duma, ilitoka Agosti 2020.

Unakumbuka Agosti 2020 ilivyokuwa? Kafyu saa tatu usiku, shule zimefungwa, vilabu vimefungwa tangu Machi, na mwisho wa Julai hata mikahawa ikakatazwa kuuza pombe. Sasa katikati ya hiyo kimya ndio inatoka albamu ya spika kubwa, zile zinatetemesha mbavu. Mimi niliisikia kwa iafoni za mia mbili, juu ya ploti yetu, nikianua nguo. Nikadhani simu imeharibika. Nikachomoa waya kuhakikisha, ikalia yenyewe kwa simu, na mathe akaita kutoka chini: "Nani anachinjwa huko juu?"

Kusema kweli hajakosea sana. Khanja haimbi, anapiga mayowe, ananguruma, saa zingine ananong'ona kama mtu amekukaribia gizani. Chini yake Karugu ameweka gitaa na mashine ya midundo inayokimbia kuliko mkono wa mpiga ngoma yeyote. Ni metali, lakini ukifunga macho ni tekno, halafu dakika mbili baadaye ni kelele tupu ambayo ajabu ni kwamba bado unaweza kuichezea.

Wadau wa muziki ng'ambo waliipenda. Pitchfork waliiandikia, na Uingereza nako ikasifiwa. Sina shida na sifa. Shida yangu ni mshangao. Kila nilipofungua makala nilikutana na ile sauti ya "kumbe Kenya kuna metali?", kama vile hawa wawili walianguka kutoka mbinguni na gitaa mkononi.

Hawakuanguka. Wote walitoka kwa bendi za metali za hapa Nairobi, Seeds of Datura na Lust of a Dying Breed. Kulikuwa pia na Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass, watu waliokuwa wakipiga shoo miaka mingi kabla mwandishi wa ng'ambo hajatufikiria. Huo ndio upande wa kwanza wa ukoo wa hii albamu. Upande wa pili uko Kampala. Waliirekodi huko mwaka wa 2019, kwa studio ya Nyege Nyege. (Jina hilo kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza. Kwa Kiswahili… unajua.) Lebo hiyo ndiyo ilitoa Sounds of Sisso mwaka wa 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam. Kwa hivyo mtu akisema kasi ya Duma ni ya ajabu, namuuliza kama amewahi kusikia singeli ya Sisso. Masikio ya klabu za huku yalikuwa yameshazoezwa. Metali ya Nairobi ilikutana na kasi hiyo, na hapo ndipo penye habari. Lakini "Mwafrika anapiga metali" ni kichwa rahisi zaidi kuandika.

Na sisi je? Hapa nyumbani uhakiki ulikuwa neno moja: mashetani. Hilo nalo lina historia. Mwaka wa 1994 Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, na kizazi cha wazazi wetu kilikua kikisikia hizo stori. Kule Uganda nako, mwaka wa 2018, waziri wa maadili alijaribu kuzuia tamasha la Nyege Nyege kwa madai ya uchafu. Muziki wa aina hii ukifika kwetu unapelekwa kwa pasta kwanza, mhakiki baadaye, kama atapatikana.

Lakini acha nisijifanye msafi. Niliipenda hiyo albamu siku ileile ya nguo. Nilikuwa na simu, nilikuwa na bando, na nilikuwa nishaanza kuandika vitu kama hivi. Sikuandika hata mstari. Niliogopa mtaonaje. Nilikuja kuitaja tu baada ya kuona wazungu wameisifu, na nikaitaja kwa maneno yao, na "kumbe" yao ndani. Kwa hivyo mtu akitafuta kesho Nairobi ilisema nini kuhusu Duma mwaka wa 2020, kutoka kwangu atapata mwangwi.

Khanja sasa anajiita Lord Spikeheart, na mwaka wa 2024 alitoa The Adept chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ilipotoka nilirudi kwanza kwa ile ya giza, safari hii kwa spika ya maana, mlango wazi. Mathe akauliza kama ni yule tu wa kuchinjwa. Nikamwambia ndiye. Akafunga mlango wa jikoni, lakini hakusema nizime.