Kadi ya grafiki ya laptopu: ahadi ya miaka ishirini

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, naulizwa swali lile lile: "Je, naweza kubadilisha kadi ya grafiki ya laptopu yangu nicheze gemu mpya?"

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilijiuliza hivyo hivyo. Nilijinyima muhula mzima, nikapanda matatu hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Fundi alifungua laptopu akanionyesha: grafiki imo ndani ya prosesa, na prosesa imelehemiwa kwenye bodi kuu. "Kijana, hapa hakuna cha kung'oa. Weka pesa zako mfukoni."

Basi nikaanza kusoma kwa nini. Kumbe watu walishajaribu zamani.

Mwaka 2004 NVIDIA ilitangaza MXM, kadi ndogo ya grafiki inayochomekwa ndani ya laptopu. Mwaka huo huo ATI ikaleta ya kwake, AXIOM. Mmeona tatizo? Wapinzani wawili, viwango viwili. AXIOM haikudumu. MXM iliendelea, lakini hata kadi iliyoingia kwenye tundu haikuwa na uhakika wa kufanya kazi, kwani kila mtengenezaji alikuwa na umbo lake la kipoza joto, umeme wake na BIOS yake. Kisha laptopu zikawa nyembamba, chipu zikalehemiwa, na tundu likatoweka kwenye laptopu nyingi.

Jaribio la pili lilikuwa kuweka kadi nje. Mwaka 2007 ASUS ilionyesha XG Station, kisanduku chenye kadi ya kompyuta ya mezani, kilichounganishwa na laptopu kupitia ExpressCard. Njia hiyo ilikuwa nyembamba mno, sawa na kupitisha lori kwenye kichochoro. Thunderbolt 3 ya mwaka 2015 ilipanua njia hadi gigabiti 40 kwa sekunde, na mwaka 2016 Razer ikauza kisanduku cha Core kwa dola 499, kadi yenyewe unajinunulia! Kwa bei hiyo wengi walinunua kompyuta nyingine.

Jaribio la tatu ni Framework Laptop 16, iliyoanza kufikia wateja mwaka 2024 ikiwa na grafiki inayochomolewa kwa nyuma. Mwaka 2025 kampuni ikatoa moduli mpya ya NVIDIA inayoingia kwenye laptopu ile ile. Hapo ahadi ilitimizwa, ingawa ni kwa laptopu za kampuni moja tu.

Somo langu ni hili: kilichokosekana zaidi ni makubaliano. Kadi ya kompyuta ya mezani hubadilishwa kwa urahisi kwa sababu watengenezaji walikubaliana kuhusu tundu, umbo na umeme. Kwenye laptopu kila mmoja alivutia kwake.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, uliza: chipu imelehemiwa? Laptopu ina Thunderbolt? Kama grafiki imo ndani ya prosesa, basi inatumia RAM ya kompyuta. Vipande viwili vya RAM vinavyofanana, badala ya kimoja, huipa njia pana zaidi ya data.

Ndivyo nilivyofanya siku ile. Nilinunua kipande cha pili, gemu yangu ya mpira ikaacha kukwamakwama, na chenji ikanitosha nauli ya kurudi chuoni.